Walijuaje? Namna ya kusimulia habari za viumbe bila kutia chumvi

Machi 2020, miji mingi duniani ilipofungwa kwa sababu ya korona, video ya pomboo waliodaiwa kuogelea kwenye mifereji ya Venice, Italia, ilizunguka dunia nzima. Watu waliipenda: binadamu kajifungia ndani, viumbe wamerudi kwao. Pomboo walikuwa wa kweli, ila video ilipigwa katika kisiwa cha Sardinia, mbali kabisa na Venice, mahali ambapo kuonekana kwa pomboo si jambo la ajabu. Siku zizo hizo ikazuka habari ya tembo wa Yunnan, China, waliodaiwa kunywa pombe ya mahindi wakalewa na kulala shambani. Nayo haikuwa kweli.

Anayesambaza habari kama hizo mara nyingi hana nia mbaya. Habari za viumbe ni tamu, na huwakalisha pamoja hata watu ambao siasa na mpira vimewatenganisha. Makala hii ni kwa ajili ya mtu huyo: mwalimu anayetaka kuanza kipindi kwa jambo la kusisimua, mtangazaji wa redio ya jamii, mlezi wa klabu ya mazingira shuleni, au shangazi ambaye kundi la familia humtegemea kwa habari za asubuhi. Wengi hudhani ni lazima kuchagua kati ya habari sahihi na habari tamu. Si lazima. Lipo swali moja linalokupatia zote mbili: walijuaje?

Utamu uko kwenye njia

Chukua mfano wa mlembe, ndege mdogo asiye na rangi za kujivunia, anayepatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Ukimwambia mtu, "Kuna ndege anayewaongoza watu kwenye asali," ataitikia "Ajabu!" na kabla ya chakula cha mchana ameshasahau. Habari ni ya kweli, lakini haina pa kushikia.

Sasa isimulie kwa kufuata ilivyojulikana. Mlembe hula nta na majana ya nyuki, lakini hawezi kupasua gogo wala kuwatuliza nyuki. Mrina asali ana shoka na moshi, ila hajui nyuki wamejificha mti gani. Kila mmoja anacho anachokosa mwenzake. Warina asali wanalijua hilo tangu enzi na enzi, na mwaka 1588 huko Sofala, Msumbiji, mmisionari Mreno João dos Santos alimwona ndege huyu akiingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa. Hata hivyo, swali lilibaki: ndege anaongoza kweli, au watu wanamfuata tu ndege anayekwenda zake?

Mtafiti Mkenya Hussein Isack, akishirikiana na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, aliamua kupima. Walifuatana na warina asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya, na mwaka 1989 wakachapisha matokeo yao katika jarida la Science. Bila ndege, watu walihitaji wastani wa karibu saa tisa kupata kiota kimoja cha nyuki. Wakiongozwa na mlembe, saa tatu na kidogo.

Halafu likaja swali la pili: je, ndege naye anamwelewa mtu? Katika hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Wayao, ndugu wa Wayao wa Tunduru na Masasi, humwita mlembe kwa mtetemo wa ulimi unaoishia kwenye mguno, "brrr-hm," waliofundishwa na baba zao. Mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake waliurekodi mwito huo, wakatembea porini na warina asali huku wakiupiga kwa spika. Safari nyingine walipiga sauti ya mtu akitamka maneno tu, na nyingine mlio wa tetere. Kwa nini tetere? Kwa sababu kama mlembe angefuata kelele yoyote ya porini, au sauti yoyote ya binadamu, basi mwito wa Wayao usingekuwa na lolote la pekee. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba mwito halisi ulipandisha uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa kuonyeshwa kiota chenyewe kutoka asilimia 16 hadi 54.

Hawakuishia hapo. Wahadzabe wa Tanzania hawatumii "brrr-hm"; wao humwita mlembe kwa mluzi. Spottiswoode na mtafiti mwenzake Brian Wood wakapiga miito yote miwili pande zote mbili. Mwaka 2023 walitoa jibu: milembe wa Uhadzabe waliuitikia mluzi wa wenyeji wao zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao, na wale wa Niassa waliuitikia mwito wa Wayao karibu mara mbili kuliko mluzi wa Wahadzabe. Inaelekea ndege hujifunza mwito wa watu anaoishi nao.

Anayesikia habari kwa njia hii hasahau, kwa sababu ameshiriki kuitafuta. Na kuna faida ya pili: habari ya uongo haivumilii swali hilo. Jaribu kueleza walijuaje kwamba tembo wa Yunnan walilewa, uone utafika wapi.

Fuata habari hadi kwenye chanzo

Habari ya sayansi hupita mikono mingi kabla ya kufika kwenye simu yako. Watafiti huichapisha kwenye jarida la kitaaluma. Chuo chao hutoa taarifa kwa vyombo vya habari. Chombo cha habari huifupisha, tovuti huitafsiri, mtu huipiga picha ya skrini, na mwingine huongeza maneno ya kwake juu yake. Kila mkono unaweza kutia chumvi, hata ule wa kwanza kabisa. Mwaka 2014 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa taarifa 462 za vyuo vikuu 20 vya Uingereza kuhusu utafiti wa afya. Kati ya zile zilizohusu utafiti wa wanyama, asilimia 36 zilikuza matokeo zikayahamishia kwa binadamu kuliko utafiti wenyewe ulivyoruhusu. Hapo hata mwandishi wa habari hajaigusa kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kusambaza, tafuta jina la mtafiti, jina la jarida na mwaka. Habari isiyotaja hata kimoja kati ya vitatu hivyo iache kwanza. Ukivipata, vitafute mtandaoni pamoja na jina la kiumbe. Makala nyingi za kitaaluma hulipiwa, lakini ikisiri yake, yaani ule muhtasari wa mwanzo, kwa kawaida husomwa bure. Isome ukitafuta majibu ya maswali haya:

- Walichunguza nani? Panya wa maabara, seli kwenye kisahani, au viumbe porini?
- Walichunguza wangapi, wapi, na kwa muda gani?
- Walilinganisha na nini? Ndiyo kazi aliyofanya tetere kule Niassa.
- Wenyewe wanasema wamethibitisha, au wanasema inaelekea?

Jibu la swali la kwanza likiwa "panya," neno hilo lazima liwemo katika sentensi yako ya kwanza. "Dawa yaponya saratani" na "dawa yapunguza uvimbe kwa panya" ni habari mbili tofauti, na mgonjwa aliye kwenye kundi lako atasoma ile ya kwanza kwa matumaini ambayo wewe huna cha kuyalipia.

Tenganisha ngazi za uhakika

Mtaani husemwa lisemwalo lipo, kama halipo laja. Katika habari za viumbe, lisemwalo huenda lisiwepo kabisa, na pengine lipo ila hakuna aliyelipima. Msimulizi mzuri humjulisha msikilizaji yuko ngazi gani. Tumia tatu: limepimwa, limeonekana, linasimuliwa.

Mlembe huyohuyo anazo zote. Kwamba anaitikia mwito wa watu, limepimwa. Kwamba humwongoza pia nyegere kwenye asali, limo katika vitabu na filamu nyingi kama jambo lisilo na shaka, lakini ushahidi wake ni wa ngazi ya pili. Watafiti waliowahoji warina asali karibu 400 katika nchi tisa za Afrika walichapisha mwaka 2023 kwamba wengi wao hawajawahi kuwaona wawili hao wakishirikiana. Kwa Wahadzabe lakini, zaidi ya nusu walisema wameona. Hiyo inatosha kusema "wapo watu wanaolijua pori vizuri wanaosema wameona," na haitoshi kusema "sayansi imethibitisha." Na ile habari kwamba mlembe aliyenyimwa sehemu yake siku nyingine atakupeleka kwa simba, hiyo ni ya ngazi ya tatu. Si kosa kuisimulia, kwani inafundisha kugawana. Iite tu hadithi.

Ngazi zinaweza pia kubadilika, na kubadilika kwenyewe ni habari. Mtu akikuambia "hawa wanasayansi leo wanasema hivi, kesho vile," usione haya. Mwonyeshe kilichowafanya wabadilike: kipimo kipya, sampuli nyingi zaidi, au kosa lililogunduliwa na mwenzao.

Chunguza picha kabla ya maneno

Picha ya kweli iliyobandikwa mahali pasipo pake ndiyo mbinu ya kawaida zaidi. Anza na viumbe wenyewe: je, wanaishi huko? Chui milia hawaishi porini Afrika, kwa hiyo "chui milia aonekana Serengeti" haihitaji uchunguzi mrefu. Kisha ipitishe picha kwenye Google Lens uone ilionekana wapi mara ya kwanza na mwaka gani. Ikiwa ni video, simamisha mahali panapoonekana jengo, bango au namba ya gari, upige picha ya skrini na kuitafuta hiyo. WhatsApp nayo hukusaidia: ujumbe wenye mishale miwili umeshasambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 hauruhusiwi kwenda kwa zaidi ya mtu au kundi moja kwa wakati. Ukiiona mishale hiyo, punguza mwendo.

Taja waliojua kwanza

Mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakizungumza na wanakijiji wa Rungwe, Tanzania, wakasikia habari za kima mwenye aibu aitwaye kipunji. Walimtafuta msituni hadi wakamwona. Kundi jingine la watafiti nalo likamwona huko Udzungwa mwaka 2004, na mwaka 2005 makundi yote mawili yakamtangaza pamoja kwa kutegemea picha, bila kuua hata mmoja. Baadaye kipunji mmoja mchanga alikufa katika mtego wa mkulima, na vinasaba vyake vikaonyesha kuwa yuko karibu zaidi na nyani kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2006 akawekwa kwenye jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus.

Ukiandika "wazungu wagundua kima mpya Tanzania," umeiharibu habari mara mbili. Umewafuta wanakijiji, na umekata kipande kizuri kuliko vyote: kwamba dokezo la kwanza lilitoka midomoni mwa watu wanaoishi chini ya mlima. Andika nani alijua, nani alipima na nani alichapisha. Kila mmoja apate haki yake.

Habari ikigusa mwili, toa la kufanya

Kila mvua kubwa zinapoleta wadudu wa Nairobi fly, makundi hujaa picha za ngozi iliyobabuka na ushauri wa kila namna. Hapa utamu wa habari na usalama wa msomaji vinakwenda pamoja. Mdudu huyu ni mbawakawa mwembamba mwenye rangi nyeusi na nyekundu au ya chungwa. Haumi wala hachomi. Mwilini mwake mna sumu iitwayo pederini, inayotengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, na sumu hiyo hukufikia pale unapomponda kwenye ngozi. Malengelenge hutokea baadaye, mara nyingi siku inayofuata, ndiyo maana wengi huamka asubuhi wakidhani wameumwa usingizini.

Ukishaeleza hivyo, ushauri unajieleza wenyewe: usimponde, mpulize au mwondoe kwa karatasi, osha ngozi kwa sabuni na maji, usijiguse macho, punguza taa usiku kwa kuwa mwanga humvuta, na sumu ikifika jichoni, nenda kituo cha afya. Msomaji aliyeelewa sababu hatahitaji kukariri orodha, na mtu akimletea dawa ya ajabu atajua kuuliza inafanyaje kazi.

Usiseme kiumbe adimu anakaa wapi

Kuna taarifa sahihi ambazo hazipaswi kusambazwa. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa. Kwa kifaru, au kwa yule kobe mwenye gamba bapa anayejibanza kwenye nyufa za miamba ya Kenya na Tanzania, alama hiyo ni ramani ya jangili. Biashara ya kobe huyo kwenda nje ilimmaliza kiasi kwamba mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, zilimwingiza kwenye orodha ya ulinzi mkali kuliko zote. Zima huduma ya mahali kwenye kamera, taja mkoa na si bonde, na usionyeshe mlima au barabara inayotambulika. Jukwaa la iNaturalist, ambako wananchi huweka picha za viumbe wanaowaona, huficha lenyewe mahali halisi pa spishi nyingi zilizo hatarini. Fuata mfano huo.

Pia epuka picha za mnyama wa porini aliyebebwa kama mtoto. Hata maelezo yakiwa mazuri, picha yenyewe inamwambia mtazamaji kwamba mnyama huyo anaweza kufugwa.

Ujumbe mmoja kamili

Haya yote yanaingia kwenye ujumbe mfupi. Tazama huu, unaofaa kundi la familia au dakika moja ya redio:

"Wapendwa, mnamjua silikanti? Ni samaki wa kina kirefu aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu 2003 amekuwa akinaswa pia Tanzania, hasa Tanga, kwenye nyavu za jarife. Anaishi miaka mingapi? Zamani wanasayansi walihesabu mistari ya magamba yake wakapata kama 20. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walichunguza silikanti 27 waliohifadhiwa kwenye makumbusho, wakatumia mwanga maalumu, wakaona mistari myembamba iliyokuwa haionekani. Wakihesabu hiyo, mmoja wao alikuwa na miaka 84. Huenda samaki huyu hufika 100, na mimba yake inaelekea huchukua miaka mitano. Kiumbe anayezaa taratibu hivyo hawezi kufidia haraka wanaonaswa. Kuna mvuvi kwenye ukoo wetu aliyewahi kumwona?"

Angalia kilichofanyika. Swali la "walijuaje" limekaa katikati, si pembeni. Makadirio ya zamani yametajwa pamoja na sababu ya kubadilika. "Huenda" na "inaelekea" zimewekwa pale panapostahili tu. Hakuna aliyeandika "samaki wa miaka milioni 66," maana silikanti wa leo si spishi ileile iliyo kwenye visukuku. Ni ukoo wake uliodumu. Na mwisho umewapa watu nafasi ya kujibu kwa wanayoyajua.

Habari ikishatoka ikiwa na kosa

Kosa likiwa lako, usifute ujumbe kimyakimya, kwa sababu waliousoma wameshaubeba kwenda kwingine. Tuma sahihisho kulekule, kwa sentensi mbili: nini kilikuwa si sahihi na kipi ndicho sahihi. Usilipambe.

Likiwa la mtu mzima, mrekebishe faraghani na umwachie heshima ya kusahihisha mwenyewe: "Shikamoo mjomba. Ile video ya asubuhi nimeifuatilia. Pomboo ni wa kweli, ila si wa Venice, ni wa Sardinia. Nakutumia habari yenyewe, ukipenda uwaambie wenzetu." Mjomba akilitoa sahihisho kwa mkono wake, kundi zima litamwamini kuliko litakavyokuamini wewe, na safari ijayo atakuuliza kabla ya kutuma.

Kisha tafuta habari za karibu yako. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar na Makumbusho ya Taifa Nairobi zina watu wanaochunguza viumbe unaopishana nao kila siku. Waandikie barua pepe, au waalike kwenye kipindi chako cha redio au darasani kwako. Usiwaulize wamegundua nini peke yake. Waombe wakuonyeshe walivyopima, na waeleze ni wapi walikwama. Hapo ndipo utakapopata habari ambayo hakuna tovuti iliyoitoa kabla yako.